Taa Nyekundu ya Kinywani

Siku ya sita baada ya sindano ya pili nilishindwa kumeza mate yangu mwenyewe. Niliyatema ndani ya kikombe cha plastiki nilichokuwa nimekishika muda wote, na kila nilipotema niliona uzi wa damu. Midomo ilikuwa imevimba, ulimi umejaa vidonda vyeupe, na ndani ya mashavu nyama ilikuwa imechubuka kama ya mtu aliyebugia makaa ya moto. Dada yangu mkubwa, ambaye tangu utoto ninamwita yaya, aliniletea uji mwepesi uliopoa kabisa. Niliweka kijiko kimoja mdomoni. Machozi yalinitoka kabla uji haujafika kooni, nikautema wote kwenye kikombe.

"Kijiko kimoya tu," yaya aliniomba. "Moya tu, mama."

Nilitikisa kichwa.

Kazi yangu ni kulisha watu. Nina malewa, kibanda cha chakula, karibu na daraja la Hombo, pale barabara ya kutoka Bukavu inapoiacha Kivu ya Kusini na kuingia Walikale. Madereva wa malori na wachuuzi wanaoteremka pale wanakula kwangu: fufu na sombe ya majani ya muhogo, samaki wa mtoni, ndizi za kuponda zenye mawese. Nimewapikia miaka kumi na minne, na siku zote mtu wa kwanza kuonja sufuria ni mimi. Sasa nilikuwa nimelala katika hospitali mjini Bukavu, na harufu ya chumvi tu ilinitisha.

Kansa ilianzia kwenye titi la kushoto. Nilikigusa kile kivimbe nikiwa ninaoga. Kilikuwa kidogo na kigumu, hakiumi, na kwa sababu hakiumi nilikaa nacho miezi mingi nikidhani kitaondoka chenyewe. Kilipoanza kuvuta ngozi ndipo mume wangu aliponipandisha gari. Dokta wa Bukavu, mwanamume mpole anayeongea polepole, alinieleza mpango wote kwenye karatasi: sindano sita za dawa kali wanayoiita shimio, moja kila baada ya wiki tatu, kisha operesheni ya kuondoa titi. Chupa moja ya dawa hiyo ilikuwa nyekundu kama sharubati. Alinionya kwamba nywele zitaanguka, na zikaanguka. Alinionya juu ya kutapika, nikatapika, nikazoea. Alitaja pia vidonda vya kinywa, lakini baada ya sindano ya kwanza nilipata viwili vidogo tu, kwa hiyo nikasahau. Ni sindano ya pili iliyonionyesha alichokuwa anasema.

Yaya alikuwa ametoka kijijini kwetu, ndani kabisa ya msitu wa Walikale, ili akae nami hospitalini. Alitembea siku mbili kabla ya kufika mahali penye gari. Aliacha shamba lake la mupunga likiwa karibu kuvunwa, akijua kwamba ndege hawatamngoja. Ni mwanamke wa kanisa, anasali asubuhi na jioni, lakini pia ni binti wa baba yetu, na baba yetu alijua miti. Ndani ya kikapu chake, chini ya nguo, alikuwa amebeba maganda ya mti fulani.

Aliponiona siwezi hata uji, alikwenda nyuma ya jengo, pale wanapopikia watu wanaouguza wagonjwa wao, akachemsha maganda yale kwenye babula, jiko la makaa, akayapoza, akaniletea kikombe. "Sukutua. Baba alituponesha nayo."

Nilitia kinywani. Nilipiga kelele ambayo sikujua bado ninayo. Muuguzi wa zamu alikuja mbio, mama mfupi mwenye miwani, akashika kikombe na kukinusa.

"Mama, umemupatia nini?"

"Dawa ya kwetu," yaya alijibu. "Baba alikuwa anatupatia tukiumwa meno."

"Ya meno inaweza kuwa muzuri. Lakini hapa si jino, mama. Hapa nyama iko wazi. Ni kama kutia pilipili kwenye kidonda." Hakumgombeza. Aliniletea maji yenye chumvi kidogo na magadi, nikasukutua polepole, kisha akamgeukia tena yaya. "Mbele ya kumupatia kitu, uniulize kwanza. Hakuna atakayekucheka."

Yaya alikaa chini kando ya kitanda, akajifunika uso na kitenge chake, akalia bila sauti. Nilimshika bega. Sikuweza kumwambia kwamba sijakasirika, kwa sababu kila neno lilikuwa linakata ulimi kama kiwembe.

Kesho yake mume wangu alifika. Yeye ni mtu wa Butembo, mfanyabiashara, ana duka la vitu vya nyumbani pale Hombo na ni Mkatoliki wa kufika misa ya kwanza kila Jumapili. Si mtu wa maneno mengi. Alisimama mlangoni, akanitazama, akatazama kikombe cha mate, akatazama mikono yangu iliyokonda. Kisha akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Turudi," alisema. "Hii dawa inakuua mbele ya ugonjwa. Kama ni kufa, ufe kwako, na watu yako pembeni yako."

Yaya alikuwa amenunua daftari la shule ili niweze kuandika ninachotaka. Nililivuta, nikaandika neno moja kwa herufi kubwa, nikamgeuzia: HAPANA.

"Haukule siku tatu. Utapata nguvu wapi?"

Niliandika tena: Nimebaki na nne. Nitazimaliza.

Alisoma, akafunga daftari, akatoka kwenda kusimama uani. Nilijua amekasirika kwa sababu ya woga. Mimi pia nilikuwa na woga, ila wangu ulikuwa mwingine. Asubuhi ile dokta alikuwa amenieleza kwamba kinywa kisipopona, sindano ya tatu itabidi icheleweshwe, labda hata ipunguzwe. Mtu ambaye ameivisha maharagwe maisha yake yote anajua: moto ukizimika katikati, yanabaki magumu hata ukiwasha tena baadaye. Sikutaka moto uzimike.

Mchana muuguzi yule wa miwani alikuja kunipima homa, akasoma daftari langu, nililokuwa nimelifungua tena.

"Kuna kitu moya hapa," alisema. "Mashini kidogo. Munganga wa meno alirudi nayo kutoka kwenye mafunzo, na mimi nilifundishwa kuitumia. Inatoa mwanga mwekundu. Tunaupitisha ndani ya kinywa, siku kwa siku. Inasaidia vidonda ya namna hii."

Katika kitanda cha jirani kulikuwa na mama mmoja mkulima wa Muheto, huko Masisi, aliyelima viazi na maharagwe kabla ya vita na ugonjwa kumtoa shambani. Naye alikuwa na vidonda, naye alikuwa hawezi kula. Alikuwa ameshafunga vitu vyake katika kitambaa, akisema wiki ile ile anarudi kwao. Aliposikia neno mwanga alijiinua kwa kiwiko.

"Niliambiwa kuna moto wanayochomea kansa huko Kinshasa na Kampala," alisema. "Ngozi inakuwa nyeusi. Mimi siwezi kubali moto kinywani."

"Hiyo ni ingine, mama," muuguzi alimjibu. "Ile ni mionzi ya kuua kansa. Hii haichome."

"Anza na wengine."

Wengine hawakutaka. Katika chumba kile cha wanawake hakuna aliyekuwa amejaribu mashine ile bado. Mmoja alisema ni majaribio juu ya watu maskini. Mwingine alisema taa haiwezi kuponya, taa ni ya kuonea njia. Nilichukua kalamu. Niliandika: Nipeleke.

Yaya alinishika mkono mmoja, muuguzi akanishika wa pili, tukapita ujia hadi chumba kidogo cha munganga wa meno. Nilitarajia mashine kubwa. Ilikuwa kitu kama kalamu nene iliyounganishwa na kisanduku kwa waya, na ncha yake ilifunikwa na plastiki safi. Muuguzi alinivisha miwani ya giza, akavaa yake, akampa na yaya. Yaya, ambaye hajawahi kuvaa miwani maishani mwake, aliishika kwa mikono yote miwili kana kwamba itaruka.

"Fungua kinywa kadiri unaweza. Ukisikia maumivu, inua mukono."

Kufungua ndiko kulikuwa na maumivu. Mwanga wenyewe sikuusikia. Aliuweka ndani ya mdomo wa chini, akahesabu, akasogeza kidogo, akahesabu tena. Mashavu yote mawili, pembe za ulimi, chini ya ulimi. Hakukuwa na joto wala mchomo. Nilikuwa ninangoja kitu kitokee, na hakuna kilichotokea, na kusema kweli nilivunjika moyo.

Yaya ndiye aliyeuliza. "Mama, mimi sijasoma. Dawa nyekundu njo ilimuchoma, na sasa mwanga mwekundu njo itamuponesha?"

Muuguzi alicheka, akazima mashine. "Inaonekana ni mambo ya ajabu, eh? Huu mwanga unaamsha nyama, ijijenge tena mbio, na maumivu ipungue. Lakini tusikilizane muzuri, ninyi wawili." Alivua miwani yake ya giza na kutuangalia. "Haiponeshe kansa. Kansa tunaiachia shimio na operesheni. Hii ni ya kinywa tu, ili aweze kukula na aendelee na dawa yake. Mutu akiwaambia ingine, anawadanganya."

Nilirudi kesho yake, na kesho kutwa. Kila mara yaya alisimama pembeni akihesabu pamoja na muuguzi kwa sauti ya chini, ili ajue kama hakuna sehemu iliyorukwa. Siku ya tatu nilikunywa maziwa baridi, nusu kikombe, bila kulia. Siku ya nne nilisema neno. Nilisema, "Maji," na yaya alisimama ghafula hata akamwaga yaliyokuwa kwenye jagi. Siku ya sita nilikula ndizi iliyopondwa. Dokta alikuja kunikagua kwa tochi yake, akafurahi, lakini hakunidanganya. Aliniambia kwamba vidonda hivyo vina siku zake na vingine vingepona tu. Mwanga ulikuwa umesaidia viharakishe. Sikuhitaji zaidi ya hapo. Sindano ya tatu ilichelewa siku chache tu, na ilitolewa yote bila kupunguzwa.

Mama wa Muheto alikuwa hajaondoka. Kila siku alisema kesho, na kila siku alinitazama nikirudi kutoka chumba kile. Siku ya ndizi aliniuliza kutoka kitandani kwake, "Imekuchoma?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Ni kama mutu anakumulikia tochi," nilimwambia. Maneno yalikuwa bado yanatoka kwa shida. "Mimi pia niliogopa."

"Wewe haukuonyesha."

"Nilikuwa sina kinywa ya kusema naogopa."

Alicheka, akashika midomo yake kwa maumivu, akacheka tena. Siku iliyofuata alifungua kitambaa chake, akarudisha vitu vyake kwenye kabati ndogo, na tukatembea wote hadi kwa munganga wa meno.

Muuguzi alinifundisha jambo moja zaidi. Alisema mwanga unafanya kazi vizuri zaidi ukianza kabla ya dawa, usingoje vidonda vitokee. Kwa sindano zilizobaki nifike siku moja kabla, nipitishiwe taa, kisha niendelee siku kadhaa baada ya sindano. "Siku moya mbele," alirudia. "Usiniletee kinywa kimeshaharibika."

Baada ya sindano ya tatu nilirudi Hombo nikiwa na nguvu kidogo. Nilikaa kwenye malewa yangu nikiwaelekeza wasichana wawili wanaonisaidia, na mvua ikanyesha kama inavyonyesha kwetu, siku baada ya siku. Asubuhi ya kuondoka kwa ajili ya sindano ya nne mimi na yaya tulipanda lori la rafiki wa mume wangu. Hatukufika mbali. Kabla ya Bunyakiri mlima ulikuwa umeteremsha udongo barabarani, na malori yalikuwa yamepanga mstari, matairi ndani ya tope, madereva wakipika chai kando ya njia kama watu waliokubali kukaa.

Nilimpigia mume wangu simu. "Ngoja hapo," alisema. "Watafungua kesho ao kesho kutwa. Siku mbili haiue mutu."

"Nikingoja nitakosa taa. Nikikosa taa nitarudi pale nilikuwa."

"Unataka kutembea? Na hiyo damu yako kidogo?"

"Nitatembea polepole."

Alivuta pumzi ndefu. Nilisikia watu dukani kwake wakiuliza sabuni. "Basi yaya asikuache nyuma," alisema mwishowe. "Na ukichoka, ukae. Usijionyeshe mwanaume."

Yaya alikuwa ameshateremka. Alipanga mifuko yetu ndani ya kikapu chake, akapitisha kamba kwenye paji la uso kama wanawake wa kwetu wanavyobeba, akaanza kupanda. Tulipita kando ya malori, tukipenya katika udongo uliolowa, tukishikilia mizizi na miti. Nilihesabu hatua hamsini, nikakaa juu ya jiwe. Hatua hamsini, nikakaa. Moyo ulikuwa unapiga masikioni. Wanawake waliobeba mawese walitupita, mmoja akaniangalia kitambaa cha kichwa na uso usio na nyusi, akaelewa. Aliteremsha mzigo wake, akanipa mkono mahali pabaya zaidi, akanivusha, akabeba tena mzigo wake na kuondoka bila kuniuliza chochote.

"Nikuimbie?" yaya aliniuliza wakati fulani nilipokaa muda mrefu.

"Usiimbe. Nitalia."

"Basi lia ukitembea."

Tukatembea. Jua lilikuwa limeshapita utosini tulipofika upande wa pili, ambako pikipiki zilikuwa zinangoja watu waliokwama kama sisi. Tuliingia Bukavu jioni, magoti mekundu kwa udongo. Muuguzi alikuwa ameshavua koti lake jeupe na ameshika mkoba wa kwenda nyumbani. Alituangalia kuanzia kichwani hadi viatuni.

"Njia imekatika," yaya alisema. "Tumekuya na miguu."

Muuguzi aliweka mkoba juu ya meza. Alivaa tena koti, akaosha mikono, akatoa miwani mitatu ya giza kutoka kwenye droo.

Baada ya sindano ile nilipata vidonda viwili, kila kimoja kidogo kama punje ya mchele. Nilikula kila siku. Nilikula samaki wa ziwa ambaye yaya alimchemsha bila pilipili, nikalalamika kwamba hana ladha, naye akaniambia nikipona nitapika mwenyewe. Sindano ya tano ilininyima usingizi na kunitia ganzi ya vidole, na ya sita ilinilaza wiki nzima, lakini hakuna iliyosogezwa kwa sababu ya kinywa. Niliimaliza mistari yote sita ya karatasi ya dokta. Baada ya mwezi mmoja waliniondoa titi. Kuna mambo ya operesheni ile ambayo bado sipendi kuyasimulia. Nitasema tu kwamba mara ya kwanza nilipojitazama kwenye kioo mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, na hakugeuza macho.

Yaya alirudi msituni wiki tatu baadaye. Mupunga wake ulikuwa umeliwa wote na ndege na panya, kama alivyojua, na alianza kulima upya bila kuninung'unikia hata mara moja.

Mama wa Muheto tuliachana akiwa amebakiza sindano moja. Aliniandikia namba ya simu ya mtoto wake nyuma ya daftari. Nimeipiga mara nyingi. Siku za kwanza tulikuwa tunasalimiana, alisema amemaliza dawa, anakula, anatafuta njia ya kurudi kuangalia kama shamba lake bado lipo. Kisha upande ule wa Masisi watu wakakimbia tena, na simu haiiti. Sijui yuko wapi. Ninaendelea kuipiga, hasa siku ya soko, kwa sababu aliniambia siku ya soko ndiyo wanapata umeme wa kuchaji.

Dokta ananiona kila baada ya miezi mitatu. Hajaniambia kwamba nimepona. Anasema haoni kitu, na turudie vipimo. Ninarudia. Habari zimetembea kando ya barabara kama habari zinavyotembea, na zikitembea zinaongezwa chumvi. Wiki iliyopita mke wa dereva mmoja alikuja kutoka Walikale, akakaa kwenye benchi la nyuma hadi wateja walipopungua. Alikuwa na kivimbe chini ya kwapa na kingine kwenye titi.

"Ni wewe mama waliponesha kansa na taa?" aliniuliza.

Nilifuta mikono, nikakaa karibu naye. "Hapana. Hakuna taa inaponesha kansa. Mutu akikuambia vile, umukimbie. Mimi niliponeshewa kinywa, njo nikaweza kuvumilia dawa. Dawa ni kali. Sitakudanganya."

Macho yake yalishuka. "Basi sina haja ya kwenda."

"Uko na haja. Mimi nilikaa na yangu miezi mingi, na ile miezi sitaipata tena." Nikamwekea sahani ya fufu mbele, na sombe, na samaki. "Kula kwanza. Jumanne ninapanda Bukavu kuonana na dokta. Kuna nafasi mbili mbele kwenye lori. Moya ni yangu."

Alinawa mikono, akamega tonge, akauliza lori linaondoka saa ngapi.